Je, Wajua? Umeme wa Ubongo

Je, wajua kwamba ubongo wako hutoa umeme unaoweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa? Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, aliunasa kwa binadamu mwaka 1924, akakaa nao miaka 5 kabla ya kuutangaza. Aligundua kwamba mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi ya umeme huo huchezacheza takriban mara 10 kwa sekunde; akifumbua, hufifia.

Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha tiba ya sumaku, inayochochea umeme huo wa ubongo, kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Koili huwekwa kichwani, mbele upande wa kushoto, na mgonjwa hubaki macho, bila kupasuliwa wala kupigwa nusukaputi. Hiyo ni hatua kubwa mno!

Lakini kwa watoto wanaoshindwa kutulia na kuzingatia, mafanikio kama hayo bado hayajapatikana. Mazoezi ya kutawala mawimbi ya ubongo mbele ya kompyuta huuzwa ghali, ilhali majaribio makini yameonyesha hayazidi sana mazoezi ya bandia. Mzazi, muone daktari kabla hujalipa.