Dirisha Liko Hapa, Mashine Iko Mbali

Huenda nawe unaye mtoto aliye chuoni, akaja likizo nyumbani na kompyuta yake ndogo, akakaa nayo tangu asubuhi hata jioni, na kila mara aomba fedha za vocha. Nawe wamtazama, moyoni wajiuliza: Je, huyu anasoma, au anacheza?

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye heshima zake, alinijia ofisini parokiani na swali hilohilo. Alikuwa ameuza magunia ya mahindi ili binti yake amalize mwaka wa mwisho. Binti amekuja likizo, na kazi yake ya mwisho yatakiwa Jumatatu. Asipoileta, mwaka unarudiwa.

“Karani,” akaniambia baada ya kuniitikia shikamoo yangu, “mtoto aniambia ya kuwa anatumia mashine ya chuo. Mashine ya chuo iko mjini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mimi namwona amekaa chini ya mwembe wangu. Wewe umesoma chuo cha ualimu. Niambie, ananidanganya?”

La, hakumdanganya. Lakini nilipokwenda kumweleza mzee nikaona ya kuwa maelezo si mafupi, tena wazazi wengi wana swali kama lake. Kwa hiyo naliandika hapa jambo lenyewe tangu asili yake.

Jikoni na mezani

Laptopu ya binti yule ni kuukuu, ilinunuliwa imekwisha kutumika. Kazi yake ni kuchora ramani za mito na mashamba kwa programu iitwayo QGIS, nayo hutaka kompyuta yenye nguvu, hasa ukiitia picha kubwa zilizopigwa toka angani. Laptopu haiwezi. Chuoni iko mashine kubwa iwezayo, nayo huwaka usiku na mchana. Basi binti huiagiza ile mashine kubwa iendeshe programu, na dirisha la programu, yaani vitufe vyake, ramani yake na maandishi yake, latokea juu ya kioo cha laptopu hapa chini ya mwembe. Akibofya hapa, mbofyo wasafiri hata chuoni; huko hesabu zafanyika, na mchoro warudi hapa. Ni kama mgahawani: chakula chapikwa jikoni, wewe mezani waona sahani tu.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kutengeneza mfumo wa madirisha ya kompyuta. Ulikuwako mfumo wa kabla yake ulioitwa W. Wao walipoubadili wakashika herufi ifuatayo, wakauita X. Jina limebaki hivyo hivyo, herufi moja tu. Mwaka 1987 ukatoka mtindo wa kumi na moja, X11, nao wangali wautumia watu hata leo. Chuo kile kilikuwa na kompyuta za viwanda mbalimbali zisizopatana, nao walitaka mwanafunzi aketi mbele ya yoyote na kuona kazi itendekayo katika nyingine.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wasomi. Kwa desturi mashine ya mbali huitwa seva, maana yake mtumishi, na ya kwako huitwa mteja. Katika X mambo yamegeuka. Mtumishi ni hiyo iliyo mbele yako, kwa kuwa ndiyo yenye kioo, kibodi na kipanya. Programu iliyoko chuoni ndiyo mteja. Hiyo ndiyo inayobisha hodi kwako na kuomba nafasi ya kuchora. Ushike neno hilo la kubisha hodi, maana tutalirudia.

Barua bila bahasha

Zamani mtu akitaka kuingia katika kompyuta ya mbali alitumia njia iitwayo telnet. Ubaya wake ni huu: kila neno lilipita wazi, hata neno la siri. Ni kama kumpa kondakta wa basi barua isiyo na bahasha. Kabla haijafika, gari zima limekwisha kujua ya kuwa shangazi anadaiwa.

Mwaka 1995 palionekana mtego katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, nchini Finland. Mtu alikuwa amepachika programu ya kusikiliza yapitayo, nayo imekusanya majina na maneno ya siri kwa maelfu. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaketi kutengeneza njia nyingine ambayo msikilizaji wa njiani hapati kitu. Akaiita SSH, yaani ganda la salama. Aliitoa bure mwezi Julai mwaka huohuo, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wakiitumia watu wapata 20,000 katika nchi 50. Kila huduma ya mtandao ina namba ya mlango wake: telnet ina 23, na njia ya zamani ya kupelekea mafaili ina 21. Katikati 22 ilikuwa wazi. Ylönen akaandika kuiomba, akapewa. Mwaka 1999 watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, ambayo ni ya bure, nayo ndiyo imeenea kuliko zote.

Waweza kuuliza: mashine mbili zisizojuana zapatanaje siri, na hali msikilizaji yupo njiani? Hupatana kwa hesabu. Kila moja hufikiri namba yake moyoni, hupeleka kwa mwenziwe matokeo ya hesabu tu, na kwa matokeo hayo zote mbili hufikia siri moja. Msikilizaji ayasikia matokeo, lakini kurudi nyuma toka matokeo hata namba ya moyoni ni kazi isiyomalizika. Baada ya hapo kila kitu husetiriwa kwa siri ile, na madirisha ya X pia.

Saa juu ya kioo

Nilikwenda kwa mzee jioni ile. Tuliketi watatu, na binti akatuonyesha. Akaandika ssh, nafasi, -X, kisha jina lake, alama ya @, na jina la mashine ya chuo. Laptopu hii ilikuwa haijawahi kufika huko, basi mashine ikaonyesha mstari wa herufi na namba zisizosomeka, ikauliza kama aendelee. Mstari ule ni alama ya kidole cha mashine ya chuo. Watu tisa katika kumi, nami ni mmoja wao, hujibu ndiyo bila kutazama. Binti akatoa daftari, akalinganisha na alama aliyoinakili ukutani chuoni, ndipo akajibu. Nikaona haya kidogo, nisiseme kitu.

Akaandika xclock. Baada ya kitambo, saa ya mviringo ikatokea, yenye mishale, katika dirisha dogo.

“Saa hiyo iko wapi?” mzee akauliza.

“Iko chuoni, baba. Hapa waona uso wake tu.”

Mzee akatazama saa yake ya mkononi, akaona zalingana, akanyamaza.

Kinachotendeka ni hiki. Ukiandika ile -X, SSH huweka chuoni kioo cha bandia, na programu za huko huambiwa ya kuwa kioo chao ndicho hicho. Zinachora humo, na SSH huchukua michoro ndani ya bomba lake la siri hata kioo cha kweli. Isipotokea kitu, ila jibu la kuwa kioo hakifunguki, sababu huwa moja katika chache: mwenye mashine hajaruhusu jambo hilo katika mipangilio yake, au chuoni hakuna kijiprogramu kiitwacho xauth, kinachotunza hati za kuingilia, au wewe mwenyewe huna X. Mwenye Windows huweka VcXsrv au Xming, mwenye Mac huweka XQuartz. Katika Linux nyingi mpya X inaachia nafasi mfumo uitwao Wayland, ulioanzwa mwaka 2008, lakini programu za X zingali zafanya kazi ndani yake.

Kisha akafungua QGIS yenyewe, na hapo ndipo uchungu ulipoanza. Dirisha likaja nusu. Menyu ikafunguka baada ya sisi kunywa chai. Kumbe ndiyo sababu ya vocha kuisha: fedha za siku mbili zilikuwa zimekwenda asubuhi moja.

X ni mwenye maneno mengi. Huuliza na kungoja jibu, huuliza tena na kungoja tena. Mashine zikiwa jengo moja hutambui. Zikiwa mbali, kila swali huchukua muda wa kwenda na kurudi. Katika Afrika Mashariki twalijua jambo hili vizuri. Kabla ya nyaya za baharini kufika, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, maneno yetu mengi ya intaneti yalipitia setilaiti zilizo juu kilometa 36,000, na swali moja na jibu lake vilichukua wapata nusu sekunde. Fikiri maswali mia. Na mwezi Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipokatika kwa pamoja, watu wengi walikumbuka tena kungoja ni nini.

Zipo dawa. Herufi -C hubana yapitayo yawe madogo. X2Go hupunguza yale maswali. Xpra ina faida nyingine, nami naipenda zaidi: simu ikikata, programu haifi, yakungoja, kwa njia ya kawaida mtandao ukikatika dirisha lafungwa na kazi ambayo hukuihifadhi yapotea. VNC hupeleka picha ya kioo kizima. Lakini binti yule alichagua njia ya kikulima: dirisha alilitumia kwa kutengeneza ramani moja ya mfano tu, na zile nyingine akaandika maagizo kwa maneno, mashine ikachora usiku bila dirisha, na asubuhi akaleta picha zilizokwisha. Maneno matupu hayali vocha.

Abishaye hodi ni nani?

Sasa turudi kwenye hodi. Kijana mmoja mwenye duka la kupiga chapa mjini alikuwa amemshauri binti atumie -Y badala ya -X, kwa kuwa “haisumbui.” Ni kweli, haisumbui. Maana yake ni kuipa programu ya mbali mlango wazi: yaweza kuona kila kitufe unachobonyeza na kupiga picha kioo chako chote, pamoja na dirisha la benki au la barua lililo kando. Ile -X huweka vizuizi. Hata hivyo katika Linux ya Debian vizuizi hivyo vimeondolewa tangu mwanzo, na -X hutenda kama -Y, basi mwenye kuitumia na ajue. Kadhalika msimamizi wa mashine ya mbali, au mwizi aliyeshika cheo chake, aweza kuichukua hati yako ya kuingilia na kubisha hodi kwa jina lako. Bahasha yafunika barua njiani; haikulindi na yule uliyemwandikia. Kwa hiyo usifungue madirisha toka mashine usiyoiamini, na kazi ikiisha toka.

Na bahasha yenyewe ilikaribia kutobolewa. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alitangaza jambo la kutisha. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kuingia kwa SSH kwachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengine tungalipuuza. Yeye akafuatia, akakuta mlango wa nyuma umefichwa ndani ya XZ, programu ndogo ya kubania mafaili ambayo katika Linux kadhaa huambatana na SSH. Aliyeutia alijiita Jia Tan, naye alikuwa amesaidia kazi ile kwa uaminifu zaidi ya miaka miwili, hata akapewa madaraka. Matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamekwisha kutoka. Yakaondolewa upesi kabla ya kuenea katika seva nyingi.

Nilipomsimulia mzee habari hii, swali lake lilikuwa moja: huyo mhandisi alilipwa nini? Nikamwambia programu nyingi za namna hii hutunzwa na watu wachache wa kujitolea. Akatikisa kichwa, nadhani alimfikiria mweka hazina wa jumuiya yetu.

Jumapili baada ya chakula binti alituonyesha ramani zilizokwisha, kabla ya kuzipeleka. Mzee akavaa miwani, akazitazama moja moja, na kwa ile ya tatu akaweka kidole.

“Mto huu haupiti hapa.”

“Baba, ndivyo ulivyo katika ramani ya zamani.”

“Ya zamani, ndiyo. Mvua za El Niño za mwaka 1998 ziliuhamisha. Sasa wapita nyuma ya shamba la mjomba wako. Mimi nilivuka huko jana.”

Binti akatazama picha ya angani, akaikuza. Mzee alisema kweli. Basi akaandika tena ssh, -X, jina lake, na alama ya @. Tukangoja dirisha. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa fedha ya vocha bila kuombwa, akasogeza kiti karibu na kioo, akaanza kumwelekeza mahali pa kupindisha mstari.