Kwa Nini Simu Huzima Baharini?

Hapa Micheweni swali hili tumelisikia zaidi ya mara moja, na wanaouliza ni wavuvi. Mtu anatoka nyumbani alfajiri, simu imejaa chaji. Hampigii mtu, wala hapigiwi. Kufika alasiri, simu imezima. Siku akibaki nyumbani, simu ile ile inalala na chaji yake. Mbona?

Wengi husema betri imechoka. Pengine ni kweli. Lakini hebu tutazame kwanza kazi ambayo simu huifanya hata ikiwa mfukoni.

Simu ni redio inayosikia na kusema. Redio ya nyumbani husikia tu, ndiyo maana mawe yake hudumu. Simu husema na mnara, na kusema ndiko kunakokula chaji. Tena simu hupima sauti yake kwa umbali. Mkikaa baraza moja, mwenzako unamnong'oneza. Akiwa ng'ambo ya hori unapiga ukelele, na koo linakauka. Simu nayo ni hivyo hivyo. Katika mtandao wa 2G, simu iliyo karibu na mnara hutoa nguvu ndogo mno, hata sehemu chache tu za elfu za wati moja. Ikiwa mbali, hupanda hadi wati 2.

Sasa twende baharini. Kadiri chombo kinavyotoka, mnara unafifia, halafu unapotea. Hapo ndipo penye hasara. Simu iliyopata mnara husinzia, huamka kidogo kusikiliza, ikasinzia tena. Iliyokosa mnara haipati usingizi. Hutafuta 4G, ikikosa hutafuta 3G, kisha 2G, halafu inaanza upya. Mwenyewe anavuta nyavu, hana habari.

Waifai ni jambo jingine. Kifaa chake kiko karibu, skuli au dukani, kwa hiyo simu hunong'ona tu. Kutazama picha kwa waifai kwa kawaida hula chaji kidogo kuliko kwa data ya mnara, hasa mnara ukiwa mbali. Bluetooth hula kidogo zaidi. Lakini kioo cha simu kikiwaka sana, hayo yote hayasaidii.

Umeme wa kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya wa chini ya bahari, lakini ndani ya ngarawa hakuna pa kuchomeka chaja. Basi, kabla ya kutoka, zima data na waifai. Kama unataka kuongea tu, nenda kwenye mipangilio uchague 2G. Ukifika pasipo na mnara, bonyeza ile picha ya ndege. Simu itaacha kutafuta. Tochi na saa vitaendelea kufanya kazi.

Ila hapo hutapigiwa. Kwa hiyo agana na watu wa nyumbani: kwa mfano, kila baada ya sala ya adhuhuri utaondoa ndege kwa muda. Chombo kikipata shida, iondoe papo hapo. Na ujue mnara wa 2G kwa kawaida haumsikii aliye zaidi ya kilomita 35, hata chaji ikiwa imejaa. Anayekwenda mbali hivyo aseme pwani anakwenda wapi na atarudi lini.