Programu ya kuchora mitambo: Bei si kigezo cha kwanza

UAMUZI kuhusu programu ya kompyuta ambayo wahandisi wa kampuni watatumia kuchora mitambo huchukuliwa na wengi kuwa jambo dogo la ofisini, hadi siku ile vipande viwili vilivyochorwa na watu tofauti vinapokataa kuungana.

Hayo ndiyo yaliyoikumba kampuni ya Airbus mnamo 2006 ilipokuwa ikiunda A380, ndege kubwa zaidi ya abiria duniani. Mafungu ya nyaya za umeme yaliyotayarishwa Hamburg, Ujerumani, yalipofikishwa Toulouse, Ufaransa, ambako ndege hiyo ilikuwa ikiunganishwa, hayakutosha mahali palipokusudiwa. Kila ndege ilihitaji nyaya za takriban kilomita 530, urefu unaozidi safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa.

Chanzo kimoja kikuu kilikuwa programu. Wahandisi wa Ujerumani na Uhispania walikuwa wangali wakitumia toleo la nne la CATIA, ilhali wenzao wa Ufaransa na Uingereza walikuwa wamehamia toleo la tano. Jina lilikuwa moja, lakini toleo la tano lilikuwa limeundwa upya, na habari hazikuvuka salama kutoka toleo moja hadi jingine. Mabadiliko yaliyofanywa upande mmoja hayakuonekana ipasavyo upande wa pili.

Oktoba mwaka huo, EADS, kampuni iliyomiliki Airbus, ilikadiria kwamba ucheleweshaji huo ungepunguza faida yake kwa Euro 4.8 bilioni kufikia 2010. Wakuu wawili walikuwa wamekwisha kujiuzulu Julai. Singapore Airlines, mteja wa kwanza, ilikabidhiwa ndege yake Oktoba 2007.

Ili kufahamu ugumu wenyewe, yafaa kutofautisha aina za programu hizi. AutoCAD, iliyoanza kuuzwa 1982, ilijijengea sifa kwa michoro bapa ya mistari, mithili ya ile ya karatasi. SolidWorks, iliyotolewa 1995, huunda umbo kamili na kukumbuka hatua zote zilizolizaa. Mhandisi akibadilisha kipenyo cha mhimili kutoka milimita 20 hadi 25, tundu lililofungamanishwa nao hupanuka lenyewe.

Kumbukumbu hiyo ya hatua ndiyo hupotea faili inapohamishwa. Muundo wa pamoja uitwao STEP, unaotambuliwa kimataifa tangu 1994, husafirisha umbo, lakini kwa kawaida hauchukui hatua za kuliunda. Ni sawa na kuletewa chapati iliyokwisha kuiva: italiwa, ila chumvi haipunguziki tena.

Kwa hivyo swali la kwanza la mnunuzi si programu ipi iliyo bora, bali michoro itapelekwa kwa nani, na je, huyo mpokeaji ataitazama tu au ataihariri? Karakana inayokata mabati kwa leza huenda isihitaji zaidi ya faili ya DXF. Msanifu wa majengo anayeshirikiana na wahandisi wa mabomba na umeme huhitaji chombo kama Revit, na wa barabara Civil 3D.

Bei huja baadaye, ingawa haidharauliki. Tangu 2016, Autodesk, inayounda AutoCAD, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Mteja hulipia muda wa matumizi. Anayepata mapato yake kwa shilingi na kulipa kwa dola hubeba pia hatari ya sarafu kushuka. Nakala za wizi, ambazo baadhi ya watu hujigamba nazo bila haya, hazina msaada wa kiufundi wala kinga ya sheria.

FreeCAD, ambayo haitozi chochote, ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024. Kwa karakana ndogo inayochora vipuri vichache inatosha kabisa. Kwa mtambo wenye maelfu ya vipande, subira itahitajika.

Kabla ya kulipa, wahandisi wachukue kazi ya zamani iliyokwisha kukamilika, waichore upya katika kipindi cha majaribio, wampelekee mshirika wao, wairejeshe, kisha wabadilishe kipimo kimoja na kutazama ni nini kitakachoharibika.