Rangi ya ndani ya gari la zamani: Kopo rahisi humgharimu mnunuzi mara mbili

MPUMUDDE, Jinja

Mwenye gari la zamani anapolipeleka kwa fundi, huuliza kwanza habari za rangi ya bodi, kwa sababu ndiyo inayoonekana barabarani. Lakini ndani ya gari ndimo jasho, kiatu, jua na mafuta ya mikono hukutana kila siku, na ndimo rangi isiyofaa huanza kubanduka kabla fundi hajamaliziwa fedha zake.

Kwa mfanyabiashara anayetoa makopo Kirinyaga Road, Nairobi, na kuyavusha Busia au Malaba hadi Jinja na Mbale, jambo hilo linagusa mtaji. Kopo moja likirudishwa, faida ya makopo kadhaa huenda nalo. Mteja naye hatasema fundi alikosea kuchagua. Atasema rangi ya duka fulani ni mbovu, na habari hiyo itamfikia kila fundi wa mtaa.

Soko lenyewe si la kubeza. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyapa magari ya zamani heshima ambayo bado ipo. Volkswagen ilishinda mwaka 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Isitoshe, sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo mwenye gari la miaka ya sitini au sabini ana sababu ya kulitunza alilonalo, na kulitengeneza vizuri.

Gari moja, rangi tatu

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua kopo moja kwa ajili ya kila kitu kilichomo ndani. Gari la zamani lina angalau aina tatu za sehemu, na kila moja ina rangi yake.

Ya kwanza ni chuma. Dashibodi ya Volkswagen Beetle ya zamani, au ya Land Rover za mwanzo, ni bati lililopakwa rangi kama bodi. Hapa inayodumu zaidi ni rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina. Ikishakomaa, haiyeyuki kwa petroli iliyomwagika wala kwa spiriti ya kusafishia. Rangi ya NC hukauka haraka na ni nafuu, ndiyo maana hata maseremala huipenda, lakini thina huiyeyusha hata baada ya miaka, na kwenye kona hukatika. Rangi ya mafuta ya milango ya nyumba hukauka polepole, na ikishikwashikwa kwa mikono yenye jasho huweza kulainika na kunata.

Kabla ya rangi, bati lililo wazi lipakwe praima ya epoksi ili kutu isirudi. Praima hiyo isiachwe kuwa rangi ya mwisho, maana epoksi ikipigwa na jua hugeuka unga kama chaki.

Sehemu ya pili ni reksini na ngozi, yaani viti na vitambaa vya milango. Hapa ugumu wa 2K ya kawaida unageuka kuwa ubaya. Kiti hukunjika kila mtu anapokaa, na rangi isiyonyumbuka hupasuka kama tope lililokauka. Rangi ya mafuta nayo huharibiwa na kilainishi kilichomo ndani ya reksini, ambacho hupanda juu polepole na kuifanya inate kwenye nguo. Kinachotakiwa ni rangi maalumu ya reksini au ya ngozi, inayonyumbuka, ikipulizwa matabaka membamba matatu au manne badala ya moja zito.

Ya tatu ni plastiki ngumu, kama vifuniko vya usukani na visanduku vya swichi. Plastiki nyingine hukataa rangi kabisa isipotanguliwa na praima yake. Anayeuza rangi bila praima hiyo amemuuzia mteja nusu ya kazi.

Jua na mafuta ya kung'arisha

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huchemka. Juu ya dashibodi joto huweza kukaribia nyuzi 70 za Selsiasi au kupita. Kwa sababu hiyo rangi ya juu ya dashibodi iwe isiyong'aa. Ile ya kung'aa humpiga dereva machoni kwa mwanga unaorudi kupitia kioo cha mbele.

Adui mwingine ni mafuta ya kung'arishia dashibodi. Mengi yana silikoni, ambayo hujificha kwenye vinyweleo vya reksini. Rangi ikipulizwa juu yake hukimbia na kuacha vishimo vya duara. Dawa yake ni sabuni, maji ya moto na brashi, kisha kitambaa safi chenye spiriti, mara mbili au tatu, kabla ya msasa. Msasa ukitangulia, huisukuma silikoni ndani zaidi.

Subira nayo ni sehemu ya bei. Rangi inayoweza kuguswa leo jioni huhitaji karibu wiki nzima kukomaa. Kiti kikifungwa na kukaliwa kesho yake, alama za nguo hubaki.

Pafu halina spea

Hadina ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mpulizaji pumu ya kudumu. Kitambaa cha puani na barakoa ya vumbi haviizuii. Inatakiwa barakoa inayopokea hewa safi kwa bomba, na mahali panapopitisha hewa. Fundi asiye na vifaa hivyo ni afadhali auziwe rangi ya kopo moja isiyo na hadina, hata kama itadumu muda mfupi zaidi.

Rangi za zamani nazo huenda zikawa na madini ya risasi. Zisuguliwe kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na watoto wawe mbali. Kwa rangi mpya, Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika milioni.

Mpakani

Katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena isiyozidi dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha inayokubaliwa. Cheti hicho hakifuti kodi za ndani kama VAT. Wala hakimfai mwenye kopo lililotengenezwa China au Dubai, hata kama risiti ni ya Nairobi. Wengi hunaswa hapo: wanadhani mahali pa kununulia ndipo asili ya mali.

Kopo liwe limefungwa kiwandani, na liwe na tarehe, namba ya toleo na alama ya UNBS, KEBS au TBS. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 iliweka msingi wa nchi wanachama kutambuliana alama hizo. Rangi iliyopimwa kwenye chupa ya maji haina ushahidi wowote mbele ya ofisa wa forodha, wala mbele ya mteja mwenye hasira. Na thina, ambayo hushika moto upesi, haistahili kusafiri kwenye buti ya basi la abiria.

Kabla ya kuchukua shehena, kuna jaribio la gharama ndogo. Rangi ipulizwe kwenye kipande cha reksini kuukuu na kipande cha bati, iachwe wiki moja. Reksini ikunjwe mara ishirini. Bati likatwe mistari ya msalaba kwa wembe, selotepu ibandikwe na kuvutwa kwa nguvu, kisha lifutwe kwa kitambaa chenye petroli. Rangi ikipasuka, ikifuata selotepu au ikihamia kwenye kitambaa, hasara imeishia kwenye kopo moja la majaribio.