Gari la Watu: Habari za Volkswagen na Jina Lake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Somo letu la leo ni habari za kiwanda kimoja cha motokaa cha Ujerumani, kiitwacho Volkswagen. Wengi wenu mmekwisha kuyaona magari yake njiani. Hata mtu asiyejua kusoma huweza kulitambua lile gari dogo la zamani, lenye mgongo wa mviringo kama wa kobe. Wajerumani wenyewe walilipa jina la mdudu. Waliliita Käfer, maana yake dundu.

Mwalimu, andika neno hili ubaoni: Volkswagen. Hili ni neno lililoundwa kwa maneno mawili. La kwanza maana yake ni watu, au taifa. La pili maana yake ni gari. Basi Volkswagen ni gari la watu.

Jina hili ni ahadi. Leo tutaona jinsi ahadi hiyo ilivyovunjwa, jinsi ilivyotimizwa, na jinsi ilivyovunjwa tena. Hapo tutajifunza jambo linalomhusu kila anayenunua na kila anayeuza: sifa njema hupatikanaje, na hupoteaje?

AHADI NI DENI

Zamani, kabla ya Vita Kuu ya Pili, motokaa katika Ujerumani ilikuwa mali ya matajiri. Mfanyakazi wa kawaida alikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa gari la moshi. Mwaka 1933 Adolf Hitler alishika utawala wa nchi hiyo. Akaahidi kwamba kila mfanyakazi ataweza kununua gari lake mwenyewe.

Mwaka 1934 kazi ya kulichora gari hilo alipewa mhandisi Ferdinand Porsche. Masharti aliyopewa yalikuwa magumu. Bei isifike marki 1,000, yaani fedha ya Kijerumani ya wakati ule. Gari liweze kuchukua baba, mama na watoto watatu. Liweze kwenda kilometa 100 kwa saa. Tena lisiwe na kiu ya petroli.

Kampuni iliundwa mwaka 1937. Tarehe 26 Mei 1938 jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa karibu na mji mdogo wa Fallersleben, kaskazini ya Ujerumani, kando ya mfereji mkubwa upitao mashua za mizigo. Mji mpya uliojengwa hapo, tangu mwaka 1945, huitwa Wolfsburg.

Bei ya gari ilitangazwa kuwa marki 990. Watu waliambiwa waweke akiba. Kila juma mtu alinunua stempu ya marki 5, akaibandika katika kitabu chake. Haya, chukueni kalamu tufanye hesabu. Gawanyeni 990 kwa 5. Jibu ni 198. Maana yake ni majuma 198, karibu miaka minne ya kuweka akiba bila kukosa hata juma moja. Na hapo hatujahesabu fedha za bima.

Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Fikiri, ndugu msikilizaji, ni mara ngapi mtu wa namna hiyo alijinyima nyama au nguo ili apate stempu ya juma lile. Mwezi wa Septemba 1939 vita vikaanza. Kiwanda kikaacha habari ya magari ya watu, kikaunda magari ya jeshi na silaha. Vitabu vilijaa stempu, lakini katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyepewa gari aliloliwekea akiba.

Kuna jambo lililo baya zaidi ya hilo. Wakati wa vita kiwanda kiliendeshwa kwa nguvu za watu waliolazimishwa. Katika miaka ile watu wapatao 20,000 walifanyishwa kazi pale bila hiari yao. Walikuwa wafungwa wa vita, watu waliochukuliwa kwao Poland, Urusi na nchi nyingine, na wafungwa wa kambi za mateso, wakiwamo Wayahudi. Wanawake waliojifungua walinyang'anywa watoto wao wachanga, na watoto hao wakawekwa katika nyumba isiyokuwa na chakula cha kutosha wala usafi. Watoto zaidi ya 300 walikufa. Baada ya vita, daktari aliyekuwa na dhamana ya nyumba ile alihukumiwa na mahakama ya Waingereza, akanyongwa mwaka 1947.

Ndivyo lilivyoanza gari liitwalo gari la watu. Wale waliokuwa wameweka akiba walipeleka shauri lao mahakamani. Shauri lilichukua miaka mingi, likaisha mwaka 1961. Kampuni ilikubali kumpunguzia mwenye kitabu kilichojaa mpaka marki 600 katika bei ya gari jipya, au kumpa marki 100 taslimu. Wale waliofanyishwa kazi kwa nguvu walingoja zaidi. Kampuni ilianzisha mfuko wa kuwasaidia mwaka 1998, na wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kufa.

CHEMA CHAJIUZA

Vita vilikwisha mwaka 1945. Sehemu ile ya Ujerumani ikawa chini ya jeshi la Waingereza, na kiwanda kilikuwa kimeharibiwa kwa mabomu. Ofisa mmoja Mwingereza, Meja Ivan Hirst, aliwekwa kukisimamia. Yeye aliona kwamba mashine nyingi bado ni nzima. Jeshi lilihitaji magari, likaagiza 20,000. Mwisho wa mwaka 1945 kazi ya kuunda magari ikaanza.

Mabwana wenye viwanda vya motokaa vya Uingereza walilichunguza gari lile. Hawakuona kitu cha maana ndani yake. Walisema sauti ni kubwa na umbo ni baya. Basi wakaliacha.

Mwezi wa Januari 1948 Mjerumani mmoja, Heinrich Nordhoff, alifanywa mkurugenzi wa kiwanda. Nordhoff hakubadilisha sura ya gari. Alitengeneza mambo ya ndani: mwaka huu breki, mwaka ujao kitu kingine. Akashika kanuni moja: gari lisiuzwe mahali ambapo hakuna fundi wa kulitengeneza wala vipuri vyake. Mtu aliyenunua gari lake alijua kwamba likiharibika hataachwa njiani.

Sasa tuulize: gari lile lilikuwa na uzuri gani? Sikilizeni vizuri, maana hapa kuna elimu ya mitambo.

Injini ya motokaa huchoma petroli, na kila kinachochoma hupata joto. Magari mengi hupozwa kwa maji yaliyomo katika rejeta. Maji yakipungua, injini huchemka na gari husimama. Katika nchi za baridi maji huganda, na yakiganda huweza kupasua injini. Porsche aliiondoa shida hiyo kabisa. Injini yake ilipozwa kwa upepo wa feni. Hakuna maji, basi hakuna cha kuchemka wala cha kuganda.

Tena injini ile iliwekwa nyuma, juu ya magurudumu yanayolisukuma gari. Uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu yale, yakashika ardhi vizuri hata penye matope.

Watu wa Afrika Mashariki waliyaona haya kwa macho yao. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa, ambayo baadaye yalijulikana kote kwa jina la Safari Rally. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara nyingi zilikuwa za udongo: kukiwa na jua ni vumbi, mvua ikinyesha ni utelezi. Mwaka 1954 Vic Preston na mwenzake D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen. Gari la Volkswagen lilishinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Watu walisimama kando ya njia wakaona magari makubwa yamekwama, na lile dogo linapita. Tangazo gani la gazeti lingeweza kushinda hilo?

Hesabu za kiwanda zinaonyesha habari hiyo hiyo. Mwaka 1955 gari la milioni moja la namna ile lilitoka kiwandani. Mwaka 1972 lilipita idadi ya gari la Ford Model T la Marekani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la kwanza duniani kwa wingi. Gari la mwisho la umbo lile la zamani liliundwa huko Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kwa jumla yalikuwa magari zaidi ya milioni 21.

Hivyo ahadi ilitimizwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu wa shule, muuguzi, mwenye duka, waliweza kununua gari ambalo halikuwasumbua, na kila aliyeridhika alimwambia jirani yake.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Kampuni ikawa kubwa sana. Ikaunda magari mengine mapya, kama Golf, lililoanza mwaka 1974, na ikanunua kampuni nyingine za magari. Ilipoingia karne hii, ilitaka kuuza magari mengi ya dizeli huko Marekani. Ikatangaza kwamba dizeli yake ni safi.

Moshi wa dizeli una gesi zinazodhuru mapafu. Kwa hiyo serikali ya Marekani iliweka sheria: moshi usipite kipimo fulani. Gari hupimwa ndani ya chumba maalumu. Magurudumu huzunguka juu ya mapipa ya chuma, na gari lenyewe halitoki mahali pake. Usukani haukatwi kulia wala kushoto.

Hapo ndipo hila ilipofanywa. Ndani ya magari yale iliwekwa programu ya kompyuta iliyoweza kutambua kwamba sasa gari linapimwa. Wakati wa kupimwa, programu iliamrisha mitambo yote ya kusafisha moshi ifanye kazi. Gari likitoka barabarani, mitambo ile ilipunguziwa kazi, na gari likatoa gesi mbaya, pengine mara 40 ya kipimo cha sheria. Ni kama mwanafunzi anayekaa kimya mwalimu anapochungulia dirishani, na mwalimu akiondoka anapanda juu ya meza.

Walioigundua hila hiyo ni watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Wao hawakutosheka na chumba cha kupimia. Waliweka vyombo vya kupimia ndani ya gari, wakaliendesha katika barabara za kawaida, wakaona hesabu hazilingani. Habari zao zilitoka mwaka 2014. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani iliitangazia dunia jambo hilo. Kampuni ikakiri kwamba magari yenye programu ile ni kama milioni 11 ulimwenguni. Siku chache baadaye mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu.

Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 4.3. Ukijumlisha faini, fidia na gharama za kuyatengeneza magari katika nchi zote, fedha zilizotoka zilipita yuro bilioni 30. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Braunschweig, mji ulio karibu na kiwanda, iliwatia hatiani watu wanne waliokuwa wakubwa wa kazi, na wawili kati yao wakahukumiwa kifungo.

Msisahau mnunuzi. Wengi walinunua magari yale kwa sababu walitaka kuilinda hewa wanayovuta watoto wao. Walilipa fedha zao kwa ajili ya moshi safi, wakauziwa moshi mchafu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kampuni haikufa. Imeendelea kuunda magari, na mwaka 2018 ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari huko Kigali, Rwanda. Lakini jina lake sasa lina historia yote hii ndani yake, na mtu mwenye busara huikumbuka yote. Atakayekwambia kwamba magari yale ni mabaya tu, amesahau njia za matope za mwaka 1954. Atakayekwambia kwamba ni mazuri tu, amewasahau wale watu wa stempu, na wale wafungwa, na watoto wao.

Sifa njema ya Volkswagen ilijengwa na mambo madogo yaliyofanywa kila siku: breki nzuri, vipuri dukani, fundi aliye tayari. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini kuijenga. Udanganyifu uliitia doa kwa siku chache. Ni hivyo hivyo kwa fundi cherehani wa kijijini kwenu, na kwa mwenye mizani ya kupimia pamba au kahawa. Mizani ikiwa sawa anapokuja mkaguzi tu, siku moja mkulima atapima mzigo wake mahali pengine.

Kwa hiyo, ndugu, ukitaka kununua kitu chenye jina kubwa, usilitazame jina peke yake. Waulize waliokwisha kukitumia. Kijaribu mahali utakapokitumia wewe. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana. Na ukiambiwa ulipe leo upewe kesho, soma kila neno la karatasi kabla hujatia sahihi. Hiyo ni moja ya faida za kujua kusoma.

MANENO YA KUJIFUNZA

Akiba: fedha zinazowekwa kwa matumizi ya baadaye.
Rejeta: chombo cha kupozea maji ya injini.
Vipuri: vyuma na vifaa vya kubadilishia vilivyoharibika.
Fidia: malipo apewayo mtu aliyepata hasara.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mtu akiweka marki 5 kila juma kwa majuma 52, atakuwa na marki ngapi?
2. Kwa nini gari lisilotumia maji lilifaa katika nchi ya baridi na pia katika nchi ya joto?
3. Watafiti waligundua nini walipoliendesha gari barabarani?
4. Je, katika mji au kijiji chenu yuko fundi au mfanyabiashara mwenye sifa njema? Aliipataje?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.