Kutembea nchi jirani na watoto: jinsi ya kulinda afya yao kabla ya safari, njiani na baada ya kurudi

Likizo ya shule inapofika, familia nyingi hufunga mizigo kwenda kuona nchi nyingine. Familia ya Nairobi hupita Namanga kwenda Arusha, ikashuka bonde la Ngorongoro kuona wanyama, kisha ikamalizia Zanzibar baharini. Wengine huja kutoka mbali zaidi, kama watoto waliozaliwa Uingereza au Marekani wanaoletwa kuwaona bibi na babu na kutembezwa mbugani.

Safari kama hii ni jambo zuri kwa mtoto. Lakini mwili wake unakutana na maji, wadudu, jua na baridi ambavyo haujazoea. Makala hii inaeleza mambo ambayo mama au mlezi anaweza kufanya, kwa kufuata mfano wa safari hiyo ya Nairobi, Ngorongoro na Zanzibar. Mengi yake yatakufaa hata kama mnaelekea Uganda, Rwanda au kwingineko.

Wiki sita kabla ya safari

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto uende naye kituo cha afya. Usisubiri wiki ya mwisho, kwa sababu baadhi ya chanjo huhitaji muda ili zianze kufanya kazi. Uliza mambo haya matatu.

Chanjo za kawaida. Hakikisha hakuna iliyorukwa. Surua ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa kuwa huenea kwa haraka sana penye watu wengi kama vile kwenye basi, uwanja wa ndege na boti. Kenya na Tanzania mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Kama mtoto wako ana miezi 6 hadi 8 na mnakwenda mahali penye mlipuko wa surua, muulize mhudumu kuhusu dozi ya mapema. Dozi hiyo haihesabiwi, kwa hiyo atachanjwa tena kwa ratiba yake ya kawaida.

Homa ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo hii kwa msafiri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukimchanja mtoto leo ukavuka mpaka kesho, cheti chake bado hakijaanza kutumika. Tangu mwaka 2016, chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Mwambie mhudumu kama mtoto ana mzio mkali wa mayai au ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, kwa sababu huenda chanjo hii isimfae. Akiwa na sababu kama hiyo, omba barua ya daktari ya kuonyesha mpakani.

Malaria. Hapa ndipo wazazi wengi hujisahau, kwa hiyo tutapaeleza kwa urefu.

Kwa nini malaria ni hatari zaidi kwa mtoto msafiri

Mtu anayeishi mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu mara kwa mara, na mwili wake hujenga kinga kidogo kidogo. Kinga hiyo haizuii malaria kabisa, ila hupunguza makali yake. Mtoto wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hajaijenga kinga hiyo. Mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kabisa. Malaria ikimpata, inaweza kuwa kali ndani ya saa 24 tu.

Mzazi aliyekulia Pwani au kando ya Ziwa Victoria anaweza kusema, “Sisi tulikua na malaria na tupo.” Lakini kinga ya mzazi hairithiwi na mtoto kwa kudumu. Hata ya mzazi mwenyewe hupungua akikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria. Mtoto wako ni mgeni huko, hata kama wewe ni mwenyeji.

Zanzibar imepunguza malaria sana, lakini haijaisha. Njiani pia mnaweza kulala mahali penye mbu wengi. Kwa hiyo fanya haya:

- Muulize daktari kama mtoto anahitaji dawa ya kuzuia malaria. Aina na kipimo hutegemea umri na uzito wake, na baadhi ya dawa haziwafai watoto wadogo. Dawa hizi huanza kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi. Usiziache kwa sababu tu mmeshafika nyumbani.
- Dawa mseto ya kutibu malaria siyo ya kuzuia. Usimpe mtoto “kidogo tu ya kinga”.
- Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na kingo zichomekwe chini ya godoro. Beba chako, usitegemee cha hotelini.
- Jua likianza kuzama, mvishe nguo za mikono mirefu na suruali. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kuanzia magharibi hadi alfajiri.
- Paka dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi. Usimpake viganjani, kwa kuwa atavitia mdomoni. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Mfunike kwa chandarua.
- Mtoto aliyepata chanjo ya malaria bado anahitaji kinga hizi zote.

Mkiwa Serengeti, jihadharini pia na mbung'o, ambao huuma mchana na wanaweza kueneza malale. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mvishe mtoto nguo nzito kidogo za rangi ya udongo au kaki.

Maji na chakula

Kuharisha ndiko kunakowasumbua zaidi watoto safarini. Tumia maji ya chupa iliyofungwa au maji yaliyochemka. Yaache yatokote kwa dakika moja. Kwenye kingo za Ngorongoro, zilizo juu ya mita 2,000, yaache kwa dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Barafu pia ni maji. Usimwekee mtoto kwenye juisi kama hujui yalikotoka.

Si lazima kumnyima mtoto vyakula vya mitaani. Mishikaki inayotoka jikoni mbele yenu au urojo unaofuka moshi ni salama kuliko nyama iliyolala kwenye meza ya hoteli tangu asubuhi. Kanuni ni hii: kiive vizuri, kiliwe cha moto, na tunda mlimenye wenyewe.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama peke yake haongezewi maji, hata kwenye joto la Zanzibar. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha.

Mtoto akianza kuharisha

Beba pakiti za ORS na vidonge vya zinki kutoka nyumbani. Usingoje kuvitafuta usiku ugenini.

1. Changanya pakiti ya ORS na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja. Yakipita saa 24, mwaga utengeneze mengine.
2. Kila baada ya choo cha majimaji, mpe mtoto wa chini ya miaka 2 robo hadi nusu kikombe. Mwenye miaka 2 na zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi.
3. Mpe zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6 na miligramu 20 kwa mkubwa zaidi. Usiache kwa sababu kuharisha kumekoma.
4. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

Kama huna ORS, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo za watu wazima.

Barabarani, mbugani na ufukweni

Wazazi huogopa simba, lakini ajali ya gari ni hatari iliyo karibu zaidi. Ulizia kiti cha mtoto kabla ya kukodi gari, na kama hakuna, beba chako. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Kwenye gari la mbugani, asisimame gari likiwa linatembea.

Nyani na tumbili wa maeneo ya kupumzikia wamezoea kuwanyang'anya watoto chakula. Usimruhusu mtoto kuwalisha wala kushika mbwa asiyemjua. Akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo baada ya kuumwa, lakini dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufariki.

Ufukweni, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, yaani kumwangalia mtoto, bila simu mkononi. Mtoto mdogo awe umbali wa kumfikia kwa mkono wako. Mvishe viatu vya majini, kwa sababu kwenye miamba kuna vinyama vyenye miiba mirefu myeusi kama ya nungu. Akichomwa, toa miiba inayoonekana na uloweke mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia. Yapime kwanza kwa mkono wako.

Mkipitia Ziwa Victoria, mtoto asiogelee wala kuchezea maji ya ukingoni. Kichocho huingia kupitia ngozi, na mtoto hatahisi kitu siku hiyo.

Mkinge na jua kali la mchana kwa kivuli, kofia na mikono mirefu. Kwa mtoto mwenye ualbino hili ni la lazima saa zote za mchana, pamoja na losheni ya kukinga jua inayopakwa tena kila baada ya saa mbili.

Mtoto mwenye selimundu

Mtoto mwenye selimundu anaweza kusafiri, ila kwa maandalizi. Kiu, baridi na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Usiku wa Ngorongoro ni wa baridi hasa, kwa hiyo beba sweta, soksi na blanketi hata kama mnatoka kwenye joto. Mpe maji mara kwa mara, na msimame njiani anyooshe miguu. Malaria kwake ni hatari kubwa, kwa hiyo mwone daktari wake kabla ya safari. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake halisi, pamoja na barua ya daktari.

Mkoba wa afya wa familia

- Kadi za kliniki na vyeti vya homa ya manjano
- ORS, zinki na kipimajoto
- Parasetamoli ya watoto, yenye maelezo ya kipimo kwa uzito. Usimpe mtoto aspirini
- Chandarua, dawa ya kufukuza mbu, losheni ya jua
- Sabuni, plasta na bandeji
- Namba ya simu ya hospitali moja katika kila mji mtakaolala

Usifungashe kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2019, na Kenya mwaka 2017. Ulizia pia kama bima yenu ya afya inalipa nje ya nchi, kwani nyingi hazilipi.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona

- Homa yoyote, mkiwa mahali penye malaria au mmetoka huko
- Degedege, au analegea na ni vigumu kumwamsha
- Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu
- Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, au hajakojoa kwa saa 6
- Damu kwenye choo
- Anapumua kwa shida au haraka sana

Baada ya kurudi nyumbani

Safari haijaisha mnapofungua mizigo. Malaria huweza kujitokeza siku 7 au wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu ya kurudi, usiseme ni mafua ya kubadili hewa. Mpeleke apimwe siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu wazi, “Tulikuwa Tanzania, tulirudi tarehe fulani.” Asipoambiwa, mhudumu wa Nairobi, na zaidi wa London, anaweza asifikirie malaria mapema. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na homa ikaendelea, rudi apimwe tena.

Andika tarehe mliyorudi nyuma ya kadi ya kliniki. Atakayempeleka mtoto hospitali, awe baba, shangazi au dada wa nyumbani, ataikuta hapo.