"Ni" na "Iwe": Lugha ya Kufasili Fanksheni katika Tarakilishi

1. Suala

Uundaji wa istilahi za hisabati katika Kiswahili umeshughulikia zaidi majina: mlinganyo, seti, kigeu, kipeuo. Kitenzi kimepewa nafasi ndogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingine ugumu wa dhana haumo katika jina bali katika umbo la kitenzi. Mfano uliochaguliwa ni wa kufasili fanksheni, yaani kanuni ambayo kwa kila thamani inayopewa hurudisha jibu moja tu.

Programu inayotumiwa hapa ni Maxima, ambayo hushughulikia alama kama x bila kulazimu zigeuzwe kuwa tarakimu. Asili yake ni Macsyma, iliyoanza kutungwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka wa 1968. William Schelter aliitunza tangu 1982 hadi alipofariki mwaka wa 2001, na mwaka wa 1998 alipata idhini ya kuitoa kwa leseni huria. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno kilianza mwaka wa 2019 kutumia STACK, mfumo wa mazoezi ya hisabati unaoitegemea Maxima kupima majibu ya wanafunzi.

2. Alama moja, kazi tatu

Na ichukuliwe kuwa mwanafunzi yuko Njoro, karibu na Nakuru. Mji wa Nakuru uko kadiri ya mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Menengai hufika mita 2,278. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi katika kila mita 1,000 za kupanda. Ikiwa joto la mjini ni nyuzi 24, mwanafunzi ataandika kama alivyozoea daftarini:

t(h) = 24 - 0.0065*(h - 1850);

Programu haikatai. Huurudisha mlinganyo huo na kunyamaza. Lakini akiuliza t(2278), hujibiwa t(2278): swali limerudi lilivyokwenda. Sharti aandike:

t(h) := 24 - 0.0065*(h - 1850);

Hapo ndipo atakapopata 21.218.

Daftarini alama ya usawa hubeba kazi tatu, ambazo Maxima imezitenga. Alama = hueleza tu kwamba pande mbili ni sawa, na maelezo hayo yaweza kuwa kweli au uongo. Nukta mbili peke yake hukipa kigeu thamani. Nukta mbili pamoja na alama ya usawa huweka kanuni. Kiswahili kinayo tayari tofauti hii. "T ya h ni sawa na..." ni taarifa. "T ya h iwe..." ni agizo, na kiishio -e ndicho kinacholibeba.

Yaweza kupingwa kwamba kamusi nazo hufasili kwa "ni". Ni kweli, lakini mtunga kamusi huripoti maana ambayo jamii imekwisha kuikubali. Mwanafunzi mbele ya tarakilishi huanzisha maana ambayo haikuwapo.

3. Usemi halisi na usemi wa taarifa

Tatizo la pili huzuka anapotaka kiwango cha badiliko la joto. Akiandika k(h) := diff(t(h), h), programu huyahifadhi maneno hayo bila kuyatekeleza. Akiuliza k(2278), kila h hugeuka 2278, na programu huambiwa itafute badiliko kwa kufuata namba badala ya kigeu, hutoa kosa. Akiandika define(k(h), diff(t(h), h)), hesabu hufanywa kwanza na jibu, -0.0065, ndilo linalohifadhiwa.

Mwalimu wa Kiswahili ataitambua tofauti inayokaribiana na hii. Njia ya kwanza yafanana na usemi halisi, unaonukuu maneno jinsi yalivyotamkwa. Ya pili yafanana na usemi wa taarifa, ambamo maneno yamekwisha kupita katika fahamu ya msimulizi.

Umbo la maandishi ni jambo jingine tena. Amri tex(t(h)) huitoa fanksheni katika sura ya kupigwa chapa, lakini haiibadilishi, kama vile neno la Kiswahili lisivyobadilika liandikwapo kwa hati za Kiarabu au za Kilatini.

4. Hitimisho

Tanzania iliamua mwaka wa 1967 kufundishia shule za msingi kwa Kiswahili. Kenya ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, ingawa hisabati ingali ikifundishwa kwa Kiingereza. Wanaoandaa istilahi kwa ajili ya siku ambayo hali hiyo itabadilika hawana budi kumpa mwalimu zaidi ya orodha ya majina. Wampe sentensi nzima. Mwalimu anayesema "ni" mahali pa "iwe" humfundisha mwanafunzi kuandika taarifa pale ambapo tarakilishi inangoja agizo.